Ua la Kupanda

Watu wanaokuja kitaluni kwangu kununua klematisi, lile ua la kutambaa ukutani, wana ugonjwa mmoja: wameona picha. Picha ya nyumba ya mtu mwingine, ukuta wa mtu mwingine, na nyuma ya ukuta yupo mtunza bustani wa mtu mwingine ambaye hakupigwa picha. Wananisogezea simu mpaka puani na kusema, "Nataka kama hili." Nawauliza jua linapiga upande gani wa nyumba yao. Hawajui. Wameishi humo miaka nenda rudi na hawajui jua linaingilia wapi, ila rangi wanaijua: zambarau, lakini isiwe zambarau sana.

Hata jina linawashinda. Nimesikia kilematisi, kalamatizi, na mmoja aliniomba "yale matisi". Mama yangu mzazi, ambaye hajawahi kuwa na mmea usiomfia mikononi, anaiita Kile Tatizo. "Bado unauza Kile Tatizo?" ndiyo salamu yake.

Kwa hiyo yule mzee alipoingia kitaluni bila simu mkononi, nilimheshimu papo hapo. Utepe wa kupimia ulikuwa unaning'inia shingoni, sindano zimechomekwa kwenye kola. Fundi cherehani, hakuna haja ya kuuliza.

"Nataka ua la kupanda," akasema.

"Yote hapa ni ya kupanda, mzee. La kukaanga sina."

"La kupanda," akarudia, taratibu, kama anayesema na kiziwi, na kidole kikaelekea mawinguni. "Lipande. Liende juu."

"Aa. Lipande wapi?"

"Kutoka roshani yangu, ghorofa ya pili, mpaka ya tatu."

Nikamuuliza habari za jua, kwa mazoea tu, nikitarajia yale yale. Akanijibu kwamba vyuma vya roshani vinapata jua kuanzia asubuhi hadi mchana, lakini sakafuni hakuna kitu, kwa sababu kuna ukingo wa zege. Nilitaka kumkumbatia. Mmea huu ndivyo unavyopenda: kichwa juani, miguu kivulini, kama tajiri aliye likizo.

Tukaanza kuzunguka vyungu. Nilimwonyesha kwanza klematisi fupi, ile inayofaa vyungu vya barazani, inatoa maua tangu chini na haina makuu. Akaikataa. "Hii itanifikia kiunoni. Kiuno changu hakina shida." Nikamwonyesha ile ya maua makubwa kama sahani, ndiyo ile ya kwenye picha za watu. Akaizunguka na kuitazama kama anayekagua kitambaa cha suti.

"Ikikatwa?" akauliza.

"Hii haikatwi ovyo. Maua yake yanatoka kwenye matawi ya mwaka uliopita. Ukikata matawi umekata maua, unabaki na majani tu hadi mwakani."

"Basi haifai. Huko juu kuna mtu."

"Mtu gani?"

"Mwenye mkasi." Akavuta pumzi. "Mwanangu, chochote kinachovuka vyuma vyake anakata. Juzi nilianika shati la mteja, upepo ukainua mkono wa shati, akakata kifungo. Halafu akanishushia kile kifungo kwa uzi, kimefungwa vizuri, na fundo juu yake. Sijawahi kuona mtu mkorofi mwenye mafundo safi namna ile."

Nikaanza kuhisi joto masikioni. "Uzi wa rangi gani?"

"Buluu. Wa kufumia."

Dunia nzima labda kuna wanawake wengi wakorofi wanaofuma kwa uzi wa buluu. Lakini mmoja ndiye aliyenizaa, na anaishi ghorofa ya tatu, na kwa muda mrefu alikuwa akinilalamikia mtu wa chini yake anayeendesha "mashine ya kusaga" mchana kutwa. Nilidhani jirani kafungua kinu. Kumbe ni cherehani.

Sikumwambia mimi ni nani. Nilitaka kusikia zaidi, ndivyo nilivyo.

"Na huyo mkorofi unampelekea ua la nini?"

Mzee akaushika utepe wake kwa mikono miwili. "Anaimba akifua," akasema. "Anakosea maneno yote, lakini anaimba."

Ni kweli anakosea. Marehemu baba alikuwa akimrekebisha kutoka chumba cha pili, na tangu baba afe hakuna aliyemrekebisha. Nikajikuta nina hasira na huyu mzee kwa kumsikia mama yangu kuliko ninavyomsikia mimi, na hapo hapo nikawa namwonea huruma, kwa sababu nilijua asilolijua. Mama alikuwa anahama.

Kaka yangu mkubwa, anayeishi mji mwingine, alikuwa ameshapanga kila kitu. Mkewe alikuwa na mimba ya pacha, na kaka akagundua ghafla kwamba Mama anazeeka peke yake, maskini, na inafaa awe karibu na familia. Yaani karibu na nepi. Shule zikifungwa angekuja na gari. Nilimwambia Mama anageuzwa yaya wa bure, nikamwomba akae kwangu. Akajibu nyumba yangu inanuka mbolea. Nikamuuliza kwa nini basi asibaki tu pale pale alipo, na jibu lake bado linanichoma: "Nibakie nini? Hapa hakuna kinachonishika."

Mimi je? Nikamuuliza hivyo hivyo. Akasema, "Wewe una vyungu vyako."

Kwa hiyo ningeweza kumuuzia yule fundi ile ya maua sahani. Mama angekata mara moja, kwisha habari, wala mzee asingejisumbua na mtu anayeondoka. Badala yake nikamshika mkono nikampeleka nyuma kabisa, kwenye zile nisizozipanga mbele kwa sababu maua yake ni madogo na wenye picha hawazitaki.

"Hii," nikamwambia, "inachanua kwenye matawi mapya. Ikatwe mpaka magotini, inakasirika na kurudi na ndugu zake. Anayeikata anaisaidia bila kujua."

Mzee akatabasamu mpaka sindano za kolani zikacheza. "Hiyo ndiyo. Tutaelewana."

Nikampa maelekezo yote: chungu kirefu chenye tundu chini, shina lizikwe ndani zaidi ya lilivyokuwa, juu ya udongo apange vigae ili mizizi isiungue. Alikipima chungu kwa utepe wake, juu, katikati na chini, akakisifu kiuno. Nikamwambia aondoke kabla sijabadili mawazo.

Haukupita muda Mama akaja kwangu na mashtaka. Alikaa kwenye kiti changu pekee, akakataa chai kwa sababu kikombe kilikuwa na udongo.

"Yule wa mashine ya kusaga kapanda gugu," akasema. "Limenichungulia kutoka chini ya vyuma. Nimeinama nikalikata."

"Umefanya vizuri, Mama."

Akanitazama kwa jicho la pembeni. Sijawahi kumwambia kafanya vizuri. "Limerudi," akaendelea. "Nikalikata tena. Sasa yako mawili."

Nikainama kufunga kamba ya kiatu kisicho na kamba.

Yule fundi naye akarudi, na yeye hakuwa na raha. Mmea ulikuwa na afya, machipukizi yamejaa, lakini ulikuwa umekwama. Ukifika juu ya kichwa chake unapepesuka na kuanguka. Nikamuuliza amewekea nini cha kushika. Akasema si kuna vyuma, vyuma vizito, vya mkoloni.

Hilo ni kosa la kila mtu, wala sikumcheka sana. Klematisi haina mikucha, haina gundi. Inashika kwa vikonyo vya majani, vile vimikia vyembamba, vinajizungusha kwenye kitu kama kidole cha mtoto mchanga. Kidole cha mtoto mchanga hakikumbatii nguzo. Kinataka kitu chembamba: waya, ugwe, uzi.

"Basi nifunge uzi," akasema fundi. "Uzi ninao wa kuuza."

"Ufungwe juu, mzee. Kwenye vyuma vya ghorofa ya tatu."

Magoti yake yalikuwa hayamruhusu kusimama juu ya kiti, na hata kama yangemruhusu, mkono usingefika. "Mwombe basi," nikamwambia.

"Nimwombe yeye?" Akacheka kicheko cha mtu aliyeambiwa akaombe mkopo kwa simba. "Nikimsalimia ananijibu kwa kufunga dirisha."

Akaenda zake, mabega chini. Nilibaki namwaga maji kwenye vyungu vilivyokwisha kulowa. Gari la kaka lilikuwa linakuja mwezi uliofuata, na mimi sikuwa na la kufanya. Kumwambia Mama abaki nilishamwambia. Kumwambia kuna fundi anayependa kuimba kwake vibaya nilishindwa, maana angemfuata fundi kwa mkasi, na safari hii asingeishia kwenye kifungo.

Jioni yake Mama akapiga simu. Hajui kuanza mazungumzo, anaanza katikati.

"Kile Tatizo kinashika nini?"

Nikajua anatafuta njia ya kukimaliza. Nikaamua kuokoa nilichoweza. "Mama, usihangaike kukikata. Chuma kinene hakikiwezi. Kisipopata kitu chembamba, kama uzi hivi, kitaanguka chenyewe."

"Uzi wowote?"

"Wowote. Kwa hiyo kiache tu."

"Aa," akasema, na simu ikakatika.

Siku ya kuhama nilichelewa makusudi. Nilipofika, gari lilikuwa limeegeshwa mlangoni, wabebaji wameshashusha kochi, na kochi lenyewe limekaa njiani, mpita njia mmoja amelikalia anapumzika. Nilisimama kando yake nikiutafuta uso wa kumuagia mama yangu. Ndipo nikatazama juu.

Ua lilikuwa limepanda. Limepita ukingo wa fundi, limepita dari lake, limefika kwenye vyuma vya Mama na kumwagika upande wa ndani, maua madogo ya zambarau, zambarau sana, yamejaa mpaka vyuma havionekani. Na kutoka kwenye vyuma vya Mama kwenda chini zilikuwa zimenyooka nyuzi za buluu, nyingi, zimepangwa kama nyuzi za kitanda cha kamba, kila moja ina fundo safi.

Nikapanda ngazi mbio. Sebule ilikuwa tupu isipokuwa maboksi na kikapu cha kufumia ambacho ndani yake kulikuwa na pembe moja tu ya blanketi la buluu alilokuwa akiwafumia pacha wa kaka. Sehemu nyingine yote ilikuwa imefumuliwa.

Mama alikuwa roshanini kwenye kiti chake cha mbao, mikono mapajani, kama mtu anayengoja kupigwa picha. Kaka alikuwa nyuma yake na mkasi.

"Mama, inuka tutoe kiti, kimebaki hicho tu," akasema. "Hili gugu limekizunguka mguu. Ngoja nikate."

"Weka mkasi chini."

"Ni gugu tu, Mama."

"Ni klematisi," akasema Mama, herufi zote mahali pake. Sikuwahi kulisikia jina lile likitoka kinywani mwake, nikahisi machozi yananijia kwa ajili ya neno la kijinga namna ile.

Kaka akanitazama, kisha akamtazama yeye. "Gari linangoja. Ulisema mwenyewe hapa hakuna kinachokushika."

Mama akanyoosha mguu wake. Kilichoshikwa hakikuwa kiti peke yake. Kikonyo kimoja, chembamba, cha kijani, kilikuwa kimeruka kutoka mguu wa kiti kikajizungusha kwenye uzi uliolegea wa pindo la gauni lake, mizunguko miwili, na sijui alikaa hapo muda gani bila kutikisika ili kipate nafasi.

"Kimenishika," akasema. "Waambie warudishe kochi."

Kaka akauweka mkasi chini. Halafu akatoka kwenda kuwaambia, maana ni kaka mwenye mipango mingi lakini ni mtoto wake pia. Chini yetu niligundua kwamba cherehani ilikuwa imenyamaza. Ikasikika sauti ya mzee, ya woga kidogo, ikipanda katikati ya majani.

"Jirani? Limefika?"

Mama akauvuta unywele mmoja nyuma ya sikio. Akainama juu ya vyuma, kwa uangalifu asivunje kitu, akaita kwa ile sauti yake ya kugombeza wauza mkaa.

"Ua lako limeshapanda. Wewe je, umepandwa hapo?"

Tukasikia kigoda kinasukumwa nyuma, mlango ukafunguliwa, na ndara zikaanza kupanda ngazi, moja baada ya nyingine, polepole, kwa sababu ya magoti.