Upande wa Kulia Usiguswe

Ijumaa mchana, baada ya kupinda suruali ya mteja, mshonaji alitandika boksi la friji chini ya gari la marehemu baba yake, akalala chali na kuanza kuchokonoa kwa bisibisi. Gari lilikuwa la zamani, la buluu iliyopauka, lenye taa za mviringo kama macho ya mtu aliyeamshwa ghafla. Chini ya mlango wa kushoto bisibisi ilizama mpaka kwenye mpini. Jikoni, mama yake akasema, "Polepole, binti yangu," akaweka mwiko chini na kujishika paja.

Mama alikuwa na kutu. Ilimwanza miguuni mara tu baada ya msiba, ngozi ikavimba kama rangi inayotaka kubanduka, na sasa akiinuka kitini magoti yalilia kama bawaba. Muuguzi wa zahanati alimwandikia msasa laini na grisi, akauliza gari lenyewe ni la mwaka gani. Alipojibiwa akatikisa kichwa. Magari ya miaka ile, alisema, chuma chake kizuri lakini hutunza maji kwenye mikunjo.

Swali likabaki moja: nani alitengeneze. Baba mdogo alikuwa na gereji, na ndiye aliyelitunza gari hilo tangu baba yu hai. Fundi wa sifa. Akishapita na puti ya kuzibia mashimo na rangi, hata nzi anateleza. Isitoshe alilitaka limbebe binti yake siku ya harusi, kwa kuwa kwenye picha lingependeza. Aletewe, alisema, siku mbili zinamtosha. Mshonaji alijua siku mbili maana yake ni puti. Yeye mwenyewe aliishi kwa viraka, na kiraka hakishonwi juu ya kitambaa kilichooza. Unakata mpaka ufikie uzi mzima, hata kama shimo litakuwa kubwa kuliko nguo.

Akaamua kufanya mwenyewe.

Jirani yao, mchomeleaji wa mageti, alimwazima mashine na kinyago, akamfundisha kwenye vyuma chakavu. Bati la kwanza mshonaji alilitoboa tundu la kupita ngumi.

"Hapo umetengeneza tundu la kifungo," mchomeleaji akamwambia. "Sasa shona nguo."

"Nguo haiungui kila nikiigusa."

"Waulize wateja uliowapigia pasi."

Kosa alilolifanya lilikuwa la kishonaji hasa. Kitambaa ukikikata mezani kinalala palepale, hakianguki. Basi akaukata mhimili wa chini ya mlango wa kushoto bila kulitegemeza gari katikati. Bodi ikakatika kiuno, mlango ukagoma kufunga, na mama akatoka chumbani amepinda kama ndoana, akilalamika kwamba halifikii kabati la chumvi. Mchomeleaji akaleta jeki. Mmoja akawa anapiga jeki, mwingine anamwangalia mama pale mlangoni, mpaka mama akasema, "Hapo. Hapo basi." Wakafunga nondo, kazi ikaendelea.

Upande wa kushoto ulipoisha ulikuwa bati jipya kuanzia mbele hadi nyuma. Mshono haukuwa wa kujivunia, lakini ulishika. Mguu wa kushoto wa mama ukanyamaza. Ngozi yake ikarudi, na kovu refu lenye vinundunundu, kazi ya mwanafunzi.

Mshonaji akasogeza boksi upande wa kulia.

"Huko acha," mama akasema.

"Mama, huko ndiko kumeoza zaidi."

"Nimesema acha. Mpe baba yako mdogo apake rangi, yaishe."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ila hapa guu lililokuwa likivunjika lilikuwa la mkuu mwenyewe. Mama alipokwenda kujinyoosha, mshonaji akawasha grenda.

Rangi ikatoka. Chini yake kulikuwa na puti nene kama mkate, palepale springi ya nyuma inaposhikwa na bodi, palepale palipong'oka baba alipokuwa akishuka mteremko, gari likaingia korongoni. Msibani baba mdogo alisimama akawaeleza watu kwamba kaka yake, Mungu amrehemu, alipenda mwendo. Watu wakaitikia. Walikuwa wakimzungumzia mtu aliyekuwa akipitwa na baiskeli.

Tabaka la juu lilipakwa baada ya ajali. La chini, jeusi kwa uzee, lilikuwa la kabla. Halikuwa na chuma ndani, bali wavu wa banda la kuku, na puti imesindiliwa kwa mkono. Kwenye kipande kilichosalia alama za vidole zilikuwa wazi, vinne, cha pili kifupi, hakina ncha. Ncha ya kidole hicho baba mdogo aliiacha kwenye feni ya injini, ujanani.

Mama alikuwa amesimama nyuma yake, unga mwekundu ukimdondoka mguuni.

"Ulijua," mshonaji akasema.

"Niliona siku wanalivuta kutoka korongoni."

"Ukanyamaza."

"Ningesema, jeneza lingebebwa na nani?"

"Niache nikate, mama. Nikate mpaka penye chuma kizima, nichomelee. Utapona."

"Nitapona, halafu niishi na nani?"

Kikao cha ukoo kikakaa sebuleni. Mshonaji aliweka kile kipande mezani. Baba mdogo akanyoosha mkono kuchukua kikombe cha chai, na vidole vyake vikapita sambamba na alama zile, kifupi kwa kifupi. Kila mtu aliona. Shangazi akakisogeza kipande kando ili apate pa kuweka sahani. Wakakubaliana kwamba mambo ya harusi yasichanganywe na mambo ya gereji. Walipoinuka, magoti ya sebule nzima yalilia. Baba mdogo peke yake aliinuka kimya. Hakuwa na kutu popote.

Kesho yake alikuja na kopo. Akalipaka gari puti, akabakiza kidogo, akamkalisha mama kwenye stuli na kumpaka mguu wa kulia. Akapiga msasa, akapuliza rangi ya buluu.

"Shemeji, umerudi usichana," akamwambia.

Mama akacheka. Kwa kweli ilikuwa kazi safi, huoni inapoanzia.

Siku ya harusi mshonaji alificha funguo, lakini baba mdogo alikuwa na zake. Bibi harusi alipotoka, mshonaji akamfungulia mlango wa kushoto.

"Dada, mpiga picha yuko upande ule," bibi harusi akasema.

"Kaa huku. Na usihame mpaka mshuke."

Bibi harusi alimtazama. Alikuwapo kwenye kikao. Akakusanya shela, akakaa pale alipoonyeshwa, goti likilia kidogo.

Mama akazunguka mwenyewe hadi upande wa kulia, nyuma ya dereva. Akaingiza ule mguu wa buluu, akaufunga mlango taratibu ili puti isipasuke. Baba mdogo akawasha. Vigelegele vikapigwa, na gari likaondoka limeinamia kulia, likielekea mteremkoni, nyuma yake likichora mstari mwembamba wa unga mwekundu.

Shangazi akatoka na ufagio. Mshonaji akamwambia auache mstari ule.

"Wageni watakanyaga," shangazi akasema, akafagia.