Maharage ya Chumba cha Uani

Chumba chenyewe kilikuwa cha uani, upande wa choo, na Bi Mwanakombo hakumficha mtu kwamba zamani kilikuwa banda la mbuzi. Ukiingiza kitanda, mlango haufungi vizuri. Humo ndimo Kaneza alimolima shamba. Ndiyo, shamba, ndani ya chumba cha kulala, na watu wa Ujiji, ambao hawajawahi kukosa la kusema, walilisema hilo mpaka wakachoka.

Alikuwa na makopo ya samli aliyookota jalalani, karai lililotoboka, na debe la mafuta ya taa lililokatwa ubavuni. Udongo aliubeba kichwani kutoka bonde la Luiche, kidogo kidogo, ndani ya kipande cha gunia. Kwenye karai aliotesha mchicha. Kwenye debe na makopo kulikuwa na maharage yale ya kutambaa, na kamba alizozifunga juu kwenye boriti ili yapate pa kupandia. Dirisha lilikuwa moja, la ubao. Jua liliingia asubuhi, likakaa muda wa kuchemsha uji, likaenda zake. Basi Kaneza alikuwa na kazi ya kuyasogeza makopo yaufuate ule mwanga sakafuni, na ukutani alisimamisha kipande cha bati jipya kiurudishe mwanga kwenye majani. Hata hivyo mimea ilitoka na shingo ndefu na rangi ya maji ya mchele. Haikufa, lakini usingesema ina afya.

"Wenzio wanafuga kuku, wewe unafuga majani," Bi Mwanakombo alimwambia, amesimama mlangoni na ufagio wake. "Mchicha sokoni umejaa tele, mwanangu. Huu wako una nini?"

"Nimezoea kulima, Bibi."

"Haya, lima. Ila usinijazie mbu."

Jibu la Kaneza lilikuwa la adabu tu. Ukweli ulikuwa mwingine. Kwao Kaneza, ng'ambo ya mpaka, mtu akifa nyumba yake haipandi mbegu. Jembe linawekwa pembeni, mbegu zinafungwa, mpaka mwaka uishe na ndugu wakutane kunywa pombe ya kumaliza msiba, jambo ambalo wao huliita kuganduka. Siku hiyo ndipo mjane anashika mbegu tena. Hakuna anayebishana na utaratibu huo. Kwa hiyo mwanamke anayepanda ni mwanamke ambaye mume wake yu hai, na Kaneza alipanda.

Mume wake, Niyibizi, alichukuliwa na askari njiani, yeye na kaka yake na wanaume wengine, siku waliyokuwa wakikimbilia ziwani, mwaka ule wa sabini na mbili. Alimtupia Kaneza kifurushi cha mbegu, akamwambia atangulie mtumbwini, yeye atakuja. Neno la mwisho ndilo hilo, kwamba atakuja. Kaneza akavuka na mbegu zimefungwa kwenye pindo la kitenge, maharage mekundu yenye madoa meupe, ya shamba lao wenyewe. Maiti hakuiona, wala hakupata mtu aliyeiona. Lakini wanawake waliovuka naye walishaanza kumwita mjane, tena kwa huruma, na huruma yao ilimuuma kuliko matusi.

Veneranda, mmoja wa wanawake hao, ndiye aliyemwambia usoni. Walikuwa wakianika dagaa pamoja pale ufukweni Katonga, mgongo juani, mikono inanuka.

"Unapanda na hujui, Kaneza. Kama mtu wako amelala huko na hajaliliwa, unadhani unamfanyia nini?"

"Yuko njiani."

"Mwaka umepita na ushei. Anatembea kwa magoti?"

Kaneza aliendelea kugeuza dagaa. Jioni alishika njia kurudi Ujiji na kopo la maji yaliyooshewa dagaa, maana maharage yanayapenda maji hayo, na chumba kikanuka hadi Bi Mwanakombo akajiziba pua kwa kanga.

Usidhani hakuwa na hofu. Alikuwa nayo tele. Kila alipozamisha mbegu alikumbuka kuwa kwao husemwa pia kwamba mbegu ya nyumba yenye msiba haishiki. Zake zilishika. Alipoona jani jipya limefumbua alisema moyoni, bado yupo, bado anakuja. Mavuno ya kwanza yalikuwa konzi moja na nusu, na hakula hata punje. Alizirudisha zote udongoni. Zile alizovuka nazo zilikuwa zimekwisha zamani, na sasa alikuwa akipanda watoto wao, akisubiri wajukuu.

Wakati huo wakimbizi walikuwa wakikusanywa kupelekwa bara, kwenye makazi mapya, kwa treni. Kaneza alijificha asiende. Niyibizi akija atamtafuta kando ya ziwa, alisema, hatamtafuta porini.

Basi alasiri moja Bi Mwanakombo akagonga. "Una mgeni. Anasema ni shemeji yako."

Alikuwa Havyarimana, kaka yake Niyibizi, amekonda, amevaa koti la mtu mnene. Alikuwa kwenye kundi la watu wanaosubiri treni, na wanawake wa Katonga ndio waliomwelekeza. Kaneza alimtazama. Huyu naye alichukuliwa siku ile ile, na huyu hapa amesimama na miguu yake. Kumbe aliyechukuliwa anaweza kurudi.

"Amahoro, Kaneza."

"Amahoro, shemeji. Kaa."

Alikaa kitandani, maana hapakuwa na pengine, magoti yakagusa debe. Macho yake yalifuata maharage kutoka kwenye udongo, kwenye kamba, mpaka darini ambako maganda yalikuwa yananing'inia, mengine mabichi, mengine yameshakauka. Hakuyasifu. Akafungua kinywa.

"Kunywa maji kwanza," Kaneza akamwahi.

Akanywa, akafungua kinywa tena.

"Utakula. Dagaa wapo, na mchicha wangu mwenyewe."

Hakutaka kulisikia neno alilokuja nalo, na kukaa bila kulijua hakuweza pia. Mwaka mzima na zaidi alikuwa amejishikilia, na sasa mikono ilikuwa imechoka. Akachuma ganda kavu, akalipasua, akachagua punje iliyo nzima kabisa, akaiweka kwenye kiganja cha shemeji yake. Kisha akavuta kopo lililokuwa na udongo mtupu, akaliweka miguuni pake.

"Panda hii, shemeji. Wewe ni wa nyumba ile ile. Panda hii moja, halafu sema unachotaka kusema."

Havyarimana aliitazama ile punje. Aliijua, mama yake ndiye aliyekuwa akizilima kabla wao hawajaoa. Alielewa pia anaulizwa nini. Akainama, akazamisha kidole kwenye udongo, akafanya tundu.

Kaneza alikiona kidole kikiingia. Kwa ule muda mfupi alikuwa na furaha ambayo hakuwahi kuwa nayo tangu avuke, akaanza hata kuwaza atakavyomsuta Veneranda.

Kidole kilikaa pale. Halafu Havyarimana akakitoa, akalifukia tundu likiwa tupu, akalisawazisha taratibu kwa kiganja. Akairudisha punje mkononi mwa Kaneza.

"Siwezi," alisema. "Unajua siwezi."

Kaneza alikaa chini sakafuni. Akauliza, "Lini?"

"Siku ile ile. Jua lilikuwa bado liko juu. Alianguka karibu yangu."

"Nani alimlilia?"

"Hakuna. Tuliobaki tulilala tukijifanya wafu. Hata mimi sikumlilia."

Yaani wakati mtumbwi unasukumwa majini, alikuwa ameshakufa. Kila punje aliyopanda, alipanda akiwa mjane. Niyibizi alikuwa amelala huko bila mtu wa kumlilia, na mke wake huku anamwagilia maji ya dagaa, anasogeza makopo, anafurahia majani. Kaneza alijichukia kiasi kwamba machozi hayakutoka.

Bi Mwanakombo, ambaye ukuta wa chumba kile haukumnyima neno, aliingia akaketi naye chini. Alikuwa amefiwa na mume naye. "Pole, mwanangu. Kwenu eda ni muda gani?"

"Mwaka, Bibi."

Mwaka, kuanzia leo, maana leo ndipo msiba wake unaanza kuliliwa. Na mbegu hizi haziwezi kukaa mwaka. Fukusi wa Ujiji wanamaliza maharage kabla mvua hazijarudi. Nyumbani ungempa jirani azipande, akurudishie siku ya kuganduka. Lakini hizi zilikuwa zimezaliwa ndani ya msiba, na hakuna mtu wa kwao ambaye angezigusa. Bi Mwanakombo angezichukua bila kujua, na Kaneza hakuwa tayari kumfanyia hivyo mtu aliyempa pa kulala.

Akasimama, akaifunga ile punje kwenye pindo la kitenge, akazikata kamba. Akachambua maganda yote, makavu na mabichi pamoja, akayatia maharage sufuriani, akaweka jikoni pale uani. Havyarimana alimkokea moto. Makavu yalichelewa kuiva na mabichi yakapondeka, lakini walikula, kwa sababu Havyarimana alikuwa hajala tangu jana yake.

Bi Mwanakombo akaletewa bakuli. Akaonja, akatikisa kichwa, akatafuta neno la kumfariji mpangaji wake.

"Maharage matamu haya. Eda ikiisha utanipa mbegu nami nioteshe pale nyuma."

"Zimeisha, Bibi," Kaneza alisema. Akafungua pindo la kitenge, akaona ile punje moja bado anayo, akaidondosha sufuriani pamoja na zilizobaki.