Koo la Enguday

Kwa miaka kumi na minne Enguday aliimba katika kilabu cha pombe ya asali cha Gashe Damtew, mjini Gondar, na hakuwahi kutia sigara mdomoni. Daktari alimwuliza, "Unavuta ngapi kwa siku?" Akajibu hata moja. Daktari akaandika kumi. Damtew anavuta ngapi, hilo halijaulizwa na mtu mpaka leo.

Kazi ya azmari, mwimbaji wa kilabuni, ni kumwinamia mteja, uso kwa uso, umwimbie sifa zake huku akikupulizia moshi. Ukikohoa, umemtukana. Ukigeuza uso, unaringa. Sauti iliyokuwa ikipanda hadi darini sasa ilikuwa ikikwamia kifuani.

Jumapili hiyo alasiri, binti kutoka Debre Tabor alikuwa ameketi mlangoni akingoja kujaribiwa. Enguday alijua ni nafasi ya nani inayotafutiwa mtu. Akamnong'oneza Lakew, mumewe na mpiga zeze wake:

"Legeza uzi kidogo. Huko juu sifiki tena."

"Wateja wameuzoea hapo hapo."

"Na koo langu je?"

"Kunywa maji ya moto." Hakumtazama.

Gashe Damtew, sigara pembeni mwa mdomo, akagonga meza. Azmari akipewa ubeti lazima auimbe, hata uwe wa kumzika mwenyewe.

"Haya dada, sema hivi:

Ngoma ikishapasuka, haina tena thamani,
Mwenye nyumba huitoa, huitupa jalalani."

Watu wakacheka. Lakew akapiga, juu vilevile. Enguday akaanza, neno la pili likakatika, ikatoka pumzi tupu.

"Kuku kameza jiwe," mlevi mmoja akasema, na kicheko kikazidi.

Enguday akalaza kiganja juu ya uzi. Zeze likanyamaza. Kwa sauti iliyobaki, ya chini na ya kukwaruza, akaumaliza ubeti ule, kisha akaongeza wake:

"Ngoma haikupasuka, ilikaushwa motoni,
Kuni ni zenu wenyewe, zinawaka midomoni."

Hapo hakucheka mtu. Gashe Damtew akawasha sigara mpya kwa ile iliyokuwa inakwisha.

"Umesema kweli, dada," akajibu taratibu. "Sasa mpishe yule binti."

Enguday akajifunga shuka lake jeupe. "Lakew, twende nyumbani."

Lakew aliufuta uzi jasho la mkewe, akaanza kuukaza zaidi.

"Tangulia," akasema.