Njia ya Kumrudisha Mama

Kutoka lami hadi mlangoni kwetu kulikuwa na mashimo kumi na saba, na Mama alikuwa anarudi kutoka hospitali saa kumi alasiri. Nyonga yake ilikuwa imeunganishwa kwa chuma. Daktari aliniambia bila kuzunguka: gari likimtikisa vibaya, atarudi kupasuliwa.

Tulianza alfajiri, mimi na mjomba. Ilipofika saa nne viganja vyangu vilikuwa vimechubuka, na mashimo yaliyokwisha ni sita tu.

"Umejaza kama mtu anayempakulia mgeni," mjomba alisema, akisukuma kifusi changu kwa ncha ya kiatu. "Umerundika tu. Toa."

"Mjomba, mgongo."

"Mgongo wako una miaka ishirini na tatu. Wangu mimi umeshaanza kunisengenya. Toa."

Nikatoa. Ana utaratibu wake, aliojifunza kwenye vibarua vya barabara. Unachota maji na tope lote, unachonga kingo zisimame wima. Halafu mawe, kokoto, changarawe yenye unyevu, na kila tabaka unalishindilia kwa gogo mpaka mlio uwe mkavu. Sisi miaka yote tulimwaga udongo juu ya maji, tukaupigapiga kwa chepe, tukaenda zetu kulala. Mvua moja tu, na shimo liko palepale, limenenepa.

Saa nane na ushei tulifika la mwisho, kubwa kuliko yote, kwenye kona ya bustani. Tukalichota, likajaa. Tukalichota tena, likajaa. Mjomba akainuka kwa vituo, akaufuata unyevu kwa macho mpaka kwenye tuta la vitunguu vya Mama.

"Hapa palikuwa na mtaro."

Nilitazama pembeni. Mama aliufukia mwaka juzi ili apate tuta moja zaidi. Sote tuliona, sote tukanyamaza, maana nyumbani kwetu hakuna anayebishana na Mama habari ya vitunguu.

"Vimebakiza wiki mbili tu vikomae," nilisema.

"Dada yangu atanila mbichi." Akajifuta jasho kwa bega. "Lete sururu."

Tuling'oa tuta zima. Maji yalisita kidogo, kisha yakapata njia, yakateremka bondeni. Tulijaza shimo, tukipokezana gogo kila mara mmoja alipoishiwa pumzi.

Saa kumi na nusu gari likaacha lami. Tulisimama kando, tukihesabu kimoyomoyo. La kwanza. La tano. La kumi na mbili. Kwenye kona ya bustani changarawe ilitoa mlio mdogo chini ya magurudumu, gari likapita bila kuyumba.

Dereva, jirani yetu aliyejitolea kumleta, alizima injini na kuweka kidole mdomoni.

"Kalala," alinong'ona. "Tangu tulipoacha lami."

Mama alikuwa ameegemeza kichwa kwenye mto, mdomo wazi kidogo. Vitunguu vyake vilikuwa vimelala ukingoni mwa njia, majani yameshaanza kunywea.

"Mwamshe," mjomba alisema.

"Ni dada yako."

"Na ni mama yako."

Tukakaa chini, migongo kwenye gurudumu. Hakuna aliyenyanyuka.