Marahaba ya Mbio

Shuleni walimwita Risasi, na jina likamganda hadi ujane. Sasa alikuwa mnene, miguu mizito, mpiga pasi wa mashuka ya hospitali, na kila aliyemwita Risasi alimwita huku akicheka.

Chumba cha kufulia kilikuwa chini kabisa, wodi zilikuwa juu, na lifti ilikwisha kufa zamani. Mashuka yalipanda kwa vichwa vya watu. Siku moja msimamizi alimkuta Risasi amekaa kwenye ngazi, furushi mapajani, akingoja moyo uache kupiga ngoma.

"Mama, unaumwa?"

"Napumua tu, mwanangu."

"Hata juzi ulikuwa unapumua tu." Msimamizi alijikuna shingo, akatazama pembeni. "Mwisho wa mwezi nikikukuta bado unakaa hapa, itabidi nitafute mwingine. Usinichukie, mama."

Hakumchukia. Kijana alikuwa amesema kweli, tena kwa adabu, na kweli ya adabu haina pa kuitupia jiwe.

Jioni alipiga magoti kando ya kitanda. Ahadi ya kukimbia alikuwa ameshaiweka mara nyingi, ahadi ya kuacha soda vilevile, na kila mara aliifunga kwa "Mungu akipenda", ili ikivunjika lawama ziende juu. Safari hii aliona haya. "Wewe nipe nguvu," alisema. "Kuamka nitaamka mwenyewe. Nitakimbia hadi darajani na kurudi, kila asubuhi."

Na kweli aliamka. Shida haikuwa kuamka. Shida ilikuwa watu.

Asubuhi ya kwanza alipita mbio mbele ya kibanda cha muuza mkaa. "Jamani, kuna nini?" muuza mkaa alipiga kelele. Risasi hakuwa na pumzi ya kujibu, akapunga mkono. Muuza mkaa akadhani anaitwa. Alivua ndala, akazishika mkononi, akatimua mbio nyuma yake, na nyuma yao mwenye duka na ndoo ya maji. Walimkuta kwenye kona, ameinama.

"Wapi kunaungua?"

"Hakuna kinachoungua. Nafanya mazoezi."

"Mazoezi!" Muuza mkaa alishika kiuno. "Mtu mzima, umevaa gauni, unakimbia bila kufukuzwa! Shoga, presha yako itaniua mimi kwanza."

Mwenye duka alitazama ndoo yake, akaimwaga palepale, akaondoka zake.

Hao walizoea. Aliyebaki ni mzee wa kwenye kigoda, baba mdogo wa marehemu mumewe, ambaye kila alfajiri alikaa nje ya mlango wake karibu na njia panda. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Watu aliwajua kwa nyayo. Huyo hapitwi. Risasi angesimama, angeinama, "Shikamoo, baba," na mzee angeitikia, kisha angeuliza habari za nyumba, za kazi, za wanawe mmojammoja, kisha angeeleza goti lake lilivyolala. Akimaliza, jua limetoka, jasho limemkauka Risasi mgongoni, muda wa kazi umefika. Darajani hakuwahi kufika hata siku moja. Ngazi zilikuwa zilezile, na mwezi ulikuwa unaisha.

Jioni moja, miguu ikimwaka kwa kusimama kutwa kwenye pasi, alijikokota hadi kwa mzee.

"Shikamoo, baba. Na nyingine nakupa sasa hivi, ya kesho asubuhi. Nataka nipite bila kusimama."

"Ya kesho?" Mzee alicheka hadi akakohoa. "Salamu si mkate, mkwe wangu, useme unanunua jioni ule asubuhi. Kesho utajuaje kama nimeamka?"

Mzee alisugua goti lake.

"Mimi nikisikia nyayo zenu, najua ni wazima. Na nyie mkisikia marahaba yangu, mnajua mzee bado yupo. Ukinipita kimya, nani atajua?"

Risasi alirudi nyumbani amechoka mara mbili. Angemwambia nini? Kwamba ana haraka? Akiwa kitandani alifikiria kuacha. Msimamizi atafute mwingine, yeye atafute kazi ya kukaa. Halafu akakumbuka alichosema akiwa amepiga magoti, tena bila kuweka mlango wa nyuma.

Asubuhi alikimbia. Alimpita muuza mkaa, aliyefagia bila kuinua kichwa. Alipokaribia kigoda alipiga moyo konde, akatazama mbele, akapita. Mzee aligeuza uso kufuata nyayo. Hakusema kitu, na kimya chake kilikuwa kizito kuliko furushi lolote. Risasi alikimbia nacho mgongoni hadi darajani, akagusa ukingo wa chuma uliolowa umande, akageuka.

Wakati wa kurudi hakuwa Risasi wa mtu yeyote. Alijivuta kama gari lililoisha mafuta, mdomo wazi, ubavu ukimchoma. Alipofika kwenye kigoda alifungua kinywa kutoa shikamoo, ikatoka hewa tupu. Akajaribu tena. Hewa.

"Marahaba!" mzee aliitikia, kwa sauti ya kufika ng'ambo ya barabara.

Risasi alitaka kusimama.

"Nani kakwambia usimame?" Mzee alipiga fimbo chini. "Pumzi hizo nimezisikia tangu kwenye kona, kama mvukuto wa mhunzi. Najua ni nani na najua ni mzima. Na mimi umenisikia. Habari za goti njoo uzichukue jioni. Nenda!"

Akaenda, akicheka bila sauti, kwa kuwa sauti haikuwepo.

Siku ya mwisho wa mwezi furushi lilikuwa zito, la wodi mbili. Kwenye kona ya pili ya ngazi magoti yalimwomba akae. Aliegemea ukuta, furushi likiwa bado kichwani, akahema. Msimamizi alikuwa amesimama juu, ameshika daftari kifuani.

"Unaumwa, mama?"

Alitikisa kichwa. Pumzi ya maneno hakuwa nayo. Alijitoa ukutani, akainua mguu.

Msimamizi alisubiri hadi alipofika juu, akafunga daftari bila kuandika kitu, akampisha mlangoni.