Bata wa Alhamisi

Tamsin Holroyd alipanga viti kumi na viwili, akavitazama, akaondoa vinne. Viti vitupu husema mengi, na leo hakutaka viseme. Saa sita u nusu Daktari Beresford angekuja na fomu kutoka ofisi ya mkuu wa kitivo, ahesabu wangapi bado wanahudhuria, kisha ofisi iamue kama kikundi kibaki au kivunjwe.

Kikundi chenyewe kilikuwa cha watu wanaowaandikia watafiti programu za kompyuta. Hapo chuoni Leeds kila idara ilikuwa na mtu wake mmoja, amejikunyata kwenye kona yake, profesa si profesa, fundi si fundi, na hana wa kumuuliza. Tamsin, ambaye kazi yake ilikuwa kwa watafiti wa mafuriko, ndiye aliyewakusanya miaka minne nyuma. Walikuwa na desturi yao. Bata wa mpira, wa njano, huwekwa katikati ya meza, na kila Alhamisi mtu mmoja humshika na kueleza kosa alilofanya kazini. Husikilizwa mpaka amalize, halafu wote humsaidia. Linalosemwa humo halitoki. Mficha maradhi kifo humuumbua, na programu yenye ugonjwa haina hata homa ya kukushtua.

Tangu Machi hakuna aliyemgusa bata. Wa mwisho kumshika alikuwa Gethin Pugh wa idara ya tiba, na kabla ya wiki kwisha maneno yake yalikuwa yamemfikia bosi wake. Akanyang'anywa mradi aliouhangaikia miaka miwili, akapewa mwingine wa vipimo vya dawa za watoto. Hakurudi kikundini, wala hakujibu ujumbe wa Tamsin hata mmoja. Wengine nao wakaanza kuwa na shughuli kila Alhamisi.

Kila mtu alijiuliza nani ana mdomo. Tamsin hakuwa na haja ya kujiuliza. Ni yeye, ndani ya lifti, aliyemwambia yule bosi huku akicheka, "Una mtu mwaminifu wewe, kosa lake kalisema mwenyewe!" Alidhani anamsifia mwenzake. Mungu atuepushe na sifa za namna hiyo.

Na kana kwamba hilo halikutosha, asubuhi ya leo alikuwa ameona kosa lake mwenyewe. Programu yake ilisoma mafaili bila kuamriwa iyapange kwanza. Kwenye kompyuta yake yalikuja kwa mpangilio. Kwenye mtambo mpya wa chuo yalikuja shaghalabaghala, na kina cha mto mmoja kikaandikwa kwa jina la mwingine. Hilo angelirekebisha. Kilichomtisha ni kwamba mistari hiyo ya programu aliigawa kikundini mwaka jana, na Gethin aliichukua. Kwake yeye si mito, ni uzito wa watoto wa kupimiwa dawa. Tamsin alikuwa amempigia simu na kumtumia ujumbe mara tatu tangu saa moja. Kimya.

Walikuja watano. Ukimhesabu na Tamsin, sita. Daktari Beresford aliketi pembeni, kalamu mkononi.

"Kula, mwanangu, hiyo rangi yako ya uso siyo," alisema Doreen Sugden wa kemia, akimsogezea keki ya tangawizi. "Au unamwogopa mgeni? Haumi huyu."

Bata aliwakodolea macho. Tamsin alikuwa na slaidi ishirini za kukipamba kikundi, na kidole chake kilikuwa tayari kuziwasha. Liwalo na liwe, akaziacha, akamshika bata.

Alieleza kosa bila kumtazama Beresford. Kabla hajamaliza, laptopu zilikuwa zinafunguliwa.

"Mungu wangu, mimi ninao mstari huo," alisema mmoja.

"Mimi niliufuta. Ngoja... hapana, upo."

Beresford aliinua kichwa. "Na wale walioacha kuja? Hao utawapataje?"

"Yupo mmoja nimemtafuta tangu asubuhi," Tamsin alisema. "Gethin. Hapokei."

"Kwangu hupokea," Doreen alisema. Alipiga, akaweka spika, akailaza simu kando ya bata.

"Doreen, kama ni hicho kikao chenu, nilishakwambia," ilisema sauti ya Gethin. "Siji. Humo kuna mtu ana mdomo."

Tamsin aliinama juu ya simu. Aliona haya, haya ya kutaka ardhi ipasuke.

"Ni mimi, Gethin. Mdomo ni wangu. Nilimwambia bosi wako kwenye lifti. Nisamehe baadaye au usinisamehe, lakini ile mistari niliyokupa ina kosa. Haipangi mafaili."

Doreen alimtazama Tamsin kama mtu asiyemjua.

"Mstari wa ngapi?" Gethin aliuliza.

"Arobaini na moja."

Walisikia vitufe vikibonyezwa, kisha vikaacha. Tamsin alikuwa amembana bata mpaka kichwa kikabonyea.

"Uzito wa mtoto mmoja uko kwa mwingine," Gethin alisema polepole. "Wote, kuanzia wa tatu. Tunaanza kuwapa dawa Jumatatu."

"Jumatatu hii?"

"Jumatatu hii."

Tamsin alilia, wala hakujificha. Beresford aliitazama fomu yake kwa muda, kalamu ikiwa juu ya kisanduku cha idadi.

"Niandike mpo wangapi?" aliuliza kwa upole. "Saba?"

Wote waliitazama simu.

"Andika sita," Gethin alisema.

Lakini simu hakuikata.