Njia Ndefu ya Mnarani

Ukitaka kujua mtu anawaonaje wakwe zake, usimuulize. Mpe gemu lenye nafasi ya kuandika majina, kisha kaa pembeni. Fundi wa friji, ambaye mtaani walimwita Fundi tu, alikuwa na gemu la namna hiyo. Ndani yake dunia imekwisha kuungua, na walionusurika wanaishi kwenye kambi zilizotawanyika huku na huko. Kambi moja ina kisima lakini haina chakula. Nyingine ina mahindi tele lakini midomo ya watu imekauka. Kazi ya mchezaji ni kuziunganisha: anachagua mtu, anampa ng'ombe wa mizigo, anamtuma aende na kurudi kati ya kambi mbili maisha yake yote. Wachukuzi hao hawafi. Wakishambuliwa hupiga magoti, wakatweta kidogo, wakainuka na kuendelea na safari, na Fundi aliona hiyo ni ruhusa tosha ya kuwafanyia apendavyo.

Basi akawapa wachukuzi wote majina ya ukweni. Shemeji yake, ambaye hajawahi kuonekana akibeba hata kiti anachotaka kukalia, alipewa njia ya kwenye tope. Shangazi wa mkewe, mwenye maneno yasiyoisha, alipangiwa kambi isiyo na mtu wa kuzungumza naye. Njia ndefu kuliko zote, ile inayotoka darajani na kupita katikati ya nge wakubwa kama mbuzi hadi kambi ya mnarani, alimpa mwanamke mmoja mwenye kilemba, akaandika juu ya kichwa chake: MAMA MKWE. Jina lake mwenyewe alimpa mtu mmoja wa kambi yenye vitanda vizuri, akamwacha alale.

Siri hiyo ingebaki tamu lau mama mkwe wa kweli asingekuja kukaa nao.

Alikuja kwa ajili ya macho. Daktari alikuwa amemwagizia miwani, na hadi iwe tayari aliona watu na ng'ombe bila shida, ila herufi kwake zilikuwa ukungu mtupu. Alikuwa amefanya kazi ya umatroni kwenye bweni la wasichana mpaka akastaafu, na alikuwa na namna ya kukutazama kimya ukaanza kukumbuka makosa yako ya utotoni. Fundi naye alikuwa na shida kwake. Mwenye nyumba alikuwa amemtoa kwenye chumba chake cha kazi, friji za wateja zimejazana barazani mpaka mlango haufunguki vizuri, na mama mkwe nyumbani kwake alikuwa na chumba cha mbele kinachotazama barabara, kitupu. Mke wa Fundi alikwisha kumwombea. Jibu la mama lilikuwa moja: "Nitamtazama kwanza."

Akamtazama kweli. Siku ya kwanza baada ya chakula cha mchana alimkuta akicheza. Fundi alitaka kuzima, mama akamzuia.

"Acha. Huyu mama wa ng'ombe anakwenda wapi?"

"Mnarani, mama. Anapeleka maji."

"Peke yake?"

"Peke yake, mama."

"Na yule mwanaume niliyemwona amelala mchana kutwa?"

"Yule anapumzika, mama."

"Huyu mama ana jina?"

"Hana," Fundi akasema, na hapo ndipo alipojipalia makaa.

Maana mama alimpenda. Kila akimaliza kula, swali lake la kwanza lilikuwa, "Mama wa ng'ombe kafika?" Nge wakimvamia, alisogea hadi ukingoni mwa kochi. Akipiga magoti, alimwambia, "Inuka, mwenzangu," na akiinuka mama alicheka peke yake. Fundi hakutegemea, lakini alianza kumpenda mama mkwe wake, na kadiri alivyompenda ndivyo lile jina lilivyozidi kumchoma.

Asubuhi moja mkewe, akijitayarisha kwenda kazini, akasema miwani iko tayari na ataipitia mchana. Fundi akakimbilia gemu. Sasa, gemu lile lina ukaidi wake: jina la mchukuzi hubadilishwa akiwa ndani ya kambi tu, akiwa njiani humgusi. Na mama wa ng'ombe ndiyo kwanza alikuwa ametoka darajani, na mbele yake ilitandaa ile njia ndefu ambayo Fundi alimchagulia kwa mikono yake mwenyewe.

Siku hiyo Fundi hakucheza, alisindikiza. Alitangulia na bunduki, akiwafyeka nge kabla hawajamkaribia. Njiani ng'ombe akakwama kwenye gari bovu, akawa anapiga hatua bila kwenda popote, na Fundi akaloa jasho akimsukuma kutoka nyuma. Mama alipokuja kukaa alishangaa.

"Leo umemhurumia."

"Ameteseka sana, mama."

"Hivi nani aliyempa njia hii?"

Fundi akakohoa.

Mnara ukaonekana. Lango likaonekana. Mlango wa nyumba nao ukafunguka, mkewe akaingia na kikasha kidogo mkononi. Mama akaivaa miwani, akaisogeza puani, akageukia televisheni wakati uleule nge wa mwisho alipotokea nyuma ya lango. Mwanamke mwenye kilemba akapiga magoti, na jina likang'aa juu yake.

"Mama," akasoma mama taratibu. "Mkwe."

Mke wa Fundi akakumbuka kwamba kuna kitu jikoni.

"Nionyeshe wengine," mama akasema.

Fundi akamwonyesha. Kwa shemeji kwenye tope alitikisa kichwa, akasema huyo ni haki yake. Kwa shangazi akaziba mdomo, mabega yakatetemeka. Kisha wakafika kwenye kambi ya vitanda, akamsoma aliyelala: FUNDI.

"Kwa hiyo muda wote huu nilikuwa najihurumia mwenyewe."

"Nisamehe, mama." Fundi aliona aibu kweli, aibu ya kutamani ardhi ipasuke.

Mama akafungua mkoba, akatoa ufunguo na kuuweka mezani. Fundi akanyoosha mkono. Mama akaufunika ufunguo kwa kiganja.

"Huyo aliyelala mwamshe. Mpe ng'ombe wangu, na mimi unilaze kitandani kwake. Akifika mnarani, chumba ni chako. Na bunduki weka chini. Mimi umenisaidia leo tu, tena kwa sababu zako."

Fundi akafanya alivyoambiwa. Akajiona akitoka darajani na ng'ombe, mdogo kwenye ile barabara, na kwa mara ya kwanza akaona ilivyo ndefu. Hata hakufika kwenye gari bovu. Nge watatu walimzunguka, akapiga magoti. Jikoni mkewe alikuwa akicheka bila kujificha. Fundi alitazama ufunguo, akatazama televisheni.

Mama alinyoosha miguu kwenye kochi, akavua miwani na kuifuta kwa ncha ya gauni.

"Atainuka tu," akasema. "Mimi nilikuwa nainuka."